Wiki Ambayo Hakuna Aliyepima

Mwaka umetimia leo, Mwalimu, tangu asubuhi ile ya Jumapili ulipokaa kitandani, ukasema kifua kimekubana kidogo, ukajilaza tena kidogo tu upumzike, na hukuinuka. Tulipanga kutoa tangazo fupi kama watu wengine: picha yako ya suti, tarehe mbili, na maneno machache ya majonzi. Tumeshindwa. Kila aliyeshika kalamu alikuwa na jambo la kukueleza, mwenzake akasema hapana, halikuwa hivyo, na tukagombana pale mezani kama zamani. Basi vumilia urefu wake, na wanaotusomea pembeni watuwie radhi.

Nyumba yako haijatulia. Mkeo amelihamisha kabati la vyombo mara nne, na sasa limerudi pale pale lilipokuwa, naye bado analitazama kwa jicho baya. Kifungua mimba wako, fundi umeme mwenye kazi tele, kila akija kututembelea anafungua swichi zisizo na ubovu wowote, anazichungulia, anazifunga. Dada yako mkubwa anaanza kushona gauni, analiacha kwenye mkono wa kushoto, anaanza jingine; wateja wake wamechoka kumsubiri. Hakuna anayekaa mahali pamoja dakika kumi. Tulidhani ni mambo ya mwezi wa kwanza, yatapita.

Ulikuwa mtu wa kuudhi, na tunalisema kwa mapenzi. Mtu akikuuliza kama mvua itanyesha, ulimuuliza ameona nini angani. Mkeo akisema chai imepoa, ulimuuliza amejuaje, na kikombe hajakigusa. Wanafunzi walikubandika jina la Mwalimu Umejuaje miaka ishirini na sita iliyopita, likakuganda hadi kwa fundi viatu. Mifuko ya koti lako ilijaa vizibo, nyuzi, sumaku na mbegu, na siku ya kufua ilibidi kwanza ipekuliwe. Hukuwahi kumpa mtoto jibu ambalo angeweza kulitafuta kwa mikono yake mwenyewe.

Kifungua mimba wako anakumbuka alipokuwa na miaka tisa, akakuuliza kwa nini tochi inawaka. Ulimpa betri, kipande cha waya na globu ndogo, ukatoka ukamwachia chumba. Alilia kwanza. Saa nzima baadaye akaita, globu ilikuwa imewaka, na wewe badala ya kumsifu ukamuuliza kama anaweza kuizima na kuiwasha tena bila kubahatisha. Anasema kazi yake aliipata siku hiyo. Anasema pia kwamba alikuchukia hadi jioni, na hilo naye anataka liandikwe.

Darasa lako wengi wa wanaosoma hapa hawakuliona, kwa hiyo tuwaeleze. Kilikuwa chumba cha mwisho mwa korido, zamani stoo ya madawati yaliyovunjika. Ulikisafisha mwenyewe, ukasukuma meza nne pamoja katikati, na watoto wa darasa la sita wakakaa kuzizunguka, wengine wakiupa ubao mgongo. Ubaoni hukuandika majibu. Uliandika swali moja, likakaa hapo wiki nzima au tatu. Kwanza kila mtoto aliandika anachokisia na kwa nini anakisia hivyo. Kisha walipima, wakabishana, wakapima tena. Ukutani ulibandika sheria mbili tu. Ya kwanza: andika ulichokiona, si ulichotaka kukiona. Ya pili: hakuna kufuta, ukikosea piga mstari mmoja, ili kosa lisomeke.

Wazazi walilalamika kwamba madaftari ya watoto hayana noti. Mwalimu Mkuu naye, mtu mwema asiyepata usingizi kwa ajili ya matokeo ya mitihani, alikitamani chumba kile kwa hamu. Alitaka kukipanga madawati yaelekee ubaoni, watoto wanakili majibu ya mitihani ya nyuma. Mlitaniana juu ya hilo miaka nenda miaka rudi. Yeye alikwambia siku ukiondoka tu chumba ni chake, nawe ukamwambia basi huondoki.

Swali lako la mwisho ulilitoa nyumbani kwako, jambo ambalo mkeo hajakusamehe vizuri. Yeye humwaga machicha ya chai kwenye makopo yake ya maua na kula kiapo kwamba maua hustawi kwa sababu hiyo. Ulimuuliza amejuaje. Akakwambia macho anayo. Kesho yake ukaandika ubaoni: Je, machicha ya chai yanaistawisha mimea? Watoto walikuja na mikebe kumi na miwili ya maziwa ya unga. Udongo mmoja, uliochekechwa pamoja, maharage mawili katika kila mkebe, dirisha moja, maji vifuniko vitatu vya chupa kila asubuhi. Mikebe sita ilitiwa kijiko cha machicha, sita haikutiwa kitu. Kila Jumatatu na Alhamisi mche mrefu wa kila mkebe ulipimwa kwa rula, na kipimo kikaandikwa katika daftari kubwa la jalada jekundu. Ukarudi nyumbani ukamwambia mkeo kwamba kesi yake iko mahakamani. Hakucheka, ila jioni ile ile alianza kukukaushia machicha kwenye sinia ili wanafunzi wasipungukiwe.

Jumamosi ile ya mwisho ulikwenda shuleni peke yako kuinywesha mikebe, kama ulivyofanya kila Jumamosi. Ulirudi umechoka. Jumapili ukatuacha. Jumatatu, siku ya kupima, wanafunzi wako wote walikuwa makaburini, wamesimama kwa mistari na sare zao safi. Hakuna aliyepima.

Ijumaa ya wiki hiyo watoto wanne walikuja nyumbani. Mbele alikuwa msichana mmoja mwembamba ambaye wenzake wanamwita Rula, kwa kuwa rula ya darasa haimtoki mkononi. Walimpa mkeo pole kwa heshima zote, wakakaa, wakanywa maji, wakatazamana. Kisha Rula akasema, "Shikamoo tena, Bibi. Tunaomba ufunguo."

Ufunguo wa darasa ulikuwa katika koti lako, na koti lilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, ambako hakuna kati yetu aliyekuwa amethubutu kuligusa. Mkeo aliinuka, akaingia, akakaa humo muda. Alitoka na ufunguo, vizibo vitatu na mbegu moja ya boga, akawapa vyote. Watoto walikimbia hadi shuleni. Waliikuta miche imenyong'onyea, majani yamelala juu ya kingo za mikebe, siku sita bila tone la maji. Waliinywesha, na kufikia Jumatatu iliyofuata yote ilikuwa imesimama tena.

Sasa tufike kwa kitindamimba wako, maana hasa ni habari yake tunayotaka uisikie, naye ametupa ruhusa, ingawa kwa kununa.

Unajua alivyokuwa. Yeye ni mwalimu wa lugha, mtu wa insha na hadithi, katika shule hiyo hiyo yako, korido ya pili. Asubuhi mlitembea pamoja hadi getini, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mara ngapi ulimwambia apite siku moja aone watoto wanavyobishana? Alisema atakuja, ana insha za kusahihisha. Miaka minne mlifundisha pamoja, na hakuwahi kutia mguu darasani mwako wakati wa somo. Hilo linamla mpaka leo. Ametwambia tuliandike hivyo hivyo, bila kulipamba.

Wiki ya pili Mwalimu Mkuu alimwita. Alimpa pole, akamwomba ayashike masomo yako ya sayansi hadi apatikane mtu. Halafu akaumauma maneno, na mwisho akayatoa: baada ya wiki tatu anakuja mkaguzi. Angetaka kuona kazi ya chumba kile. Kazi ikiwa kamili na ya kueleweka, chumba kitabaki kilivyo. Ikiwa ni mikebe na kelele tu, madawati yataingia, na yeye Mkuu hatakuwa na la kumtetea marehemu. Kitindamimba wako akasema sawa. Alirudi nyumbani akazunguka uani hadi mkeo akamwambia akae, anamtia kizunguzungu.

Aliingia darasani mwako Jumatatu, roho mkononi, hajui sumaku wala kipimajoto. Watoto ndio waliomfundisha. Walimwonyesha kifuniko gani ndicho cha maji, rula ianzie wapi, na kwamba anayepima hatakiwi kuwa yule anayeandika. Siku ya pili mtoto mmoja alimuuliza kama miche yenye machicha itashinda, naye, mwalimu wa lugha aliyezoea kujibu, akaanza kumweleza lishe ya mimea kama alivyoisoma usiku wa jana kitabuni. Darasa zima likamsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha Rula akamuuliza amejuaje. Alirudi nyumbani siku ile anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akatuambia kwamba amekutana nawe.

Alilipenda darasa, Mwalimu. Tunataka ujue. Alilipenda haraka, akachelewa kurudi nyumbani, akaanza kujaza mifuko yake vizibo. Na kwa vile alilipenda, akaanza kuogopa kulipoteza, akawa halali vizuri wala hali vizuri.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, watoto wakiwa wameondoka, alifungua daftari jekundu aliangalie mara ya mwisho. Kurasa zilikuwa safi. Safu za tarehe, safu za mikebe kumi na miwili, mwandiko wa watoto, na pembeni mahali pengine mstari wako mmoja juu ya kosa. Halafu akafika kwenye wiki yako. Tarehe mbili zimeandikwa, Jumatatu na Alhamisi, na mbele yake visanduku ishirini na vinne vitupu.

Anasema hakuweza kuvitazama. Anasema kurasa zote zilikuwa zimejaa, na pale palipokuwa patupu ndipo ulipokufa, na mtu yeyote angeweza kunyoosha kidole na kuonyesha. Aliogopa mkaguzi ataona pengo na kusema kazi haikukamilika. Lakini hata pasingekuwa na mkaguzi, anasema, angeweza kufanya vile vile. Alichukua kipimo cha Alhamisi iliyotangulia na kipimo cha Jumatatu iliyofuata, akagawanya tofauti kwa mafungu sawa, akaandika namba katika kila kisanduku, kwa mwandiko wa kitoto. Kubuni ndiyo kazi aliyosomea, na alibuni vizuri. Akafunga daftari, akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akala sahani nzima.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na viatu vya kutembelea, asiyesema sana. Mwalimu Mkuu aliingia naye akakaa naye nyuma kabisa. Kitindamimba wako alikuwa amepanga kila kitu. Watoto wangesoma vipimo kutoka daftarini, wangetafuta wastani wa mikebe sita na sita, na wangechora grafu mbili kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, bluu kwa yenye machicha na nyekundu kwa isiyo nayo. Mmoja alisoma, wawili wakakokotoa, Rula akachora. Mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu Mkuu alikuwa tayari ameshaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Rula alipofika wiki ya tatu mkono wake ulisimama. Aliyekuwa akisoma alisoma tena, akidhani hajasikika. Rula alichora nukta, akachora ya pili, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama grafu. Wengine nao wakaanza kuitazama. Kila mahali mistari ile ilipanda na kupinda, ikasitasita kama mimea inavyofanya. Hapo tu ilinyooka kama imechorwa kwa kamba.

"Mwalimu," Rula akasema, "hapa miche ilikuwa imelala. Ijumaa tuliikuta imelala. Nani alipima?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu, maana ulimlea hivyo. Kitindamimba wako anasema alikuwa na majibu matatu tayari ulimini, yote mazuri: kwamba mlinzi alipima, kwamba yeye mwenyewe alipita, kwamba ni makadirio ya kitaalamu. Mkaguzi alikuwa amevua miwani. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoa macho, akimwomba kimya kimya aseme lolote, lolote lile, na watu waende kunywa chai. Chumba chako kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Akisema uongo kinabaki, akisema kweli kinaondoka. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo wakati ule, na sisi tungekuwa pale tungeliona vile vile.

"Hakuna aliyepima," akasema. "Niliziandika mimi jana. Nimezibuni."

Mtoto mmoja alicheka kwa kutojua afanye nini, akanyamaza. Kitindamimba wako alitaka kuendelea, awaeleze kwa nini, lakini akabaki ameshika kona ya meza. Aliona aibu mbele ya watoto kuliko mbele ya mkaguzi. Anasema angeweza kuvumilia kufukuzwa kazi, lakini si kutazamwa na Rula.

Mtoto mmoja wa meza ya dirishani akauliza kama wazifute. Wenzake walimrukia wote kwa pamoja, hakuna kufuta, na mmoja akamwonyesha sheria ukutani kana kwamba ni mgeni. Rula akalichukua daftari. Akaweka rula juu ya safu ya kwanza, akapiga mstari mmoja juu ya namba zote kumi na mbili, nazo bado zinasomeka. Akapiga wa pili. Halafu akasimama na kalamu, akamgeukia kitindamimba wako, akamuuliza pembeni waandike nini.

Halafu, bila kumsubiri, Rula aliinama akaandika mwenyewe, na yule msomaji akasoma kwa sauti kama alivyokuwa akisoma vipimo vingine vyote: "Jumatatu, hatukupima, tulikuwa tunamzika Mwalimu. Alhamisi, hatukupima, ufunguo ulikuwa kwenye koti lake."

Mwalimu Mkuu alitoka nje. Tunasikia alisimama koridoni, uso ukutani, na kitambaa mkononi. Tulikuwa tumemweka kwenye kundi la watu wagumu, tunamwomba radhi hapa mbele ya wote. Watoto hawakulia. Waliifuta grafu kipande kile, wakabishana kama kwenye karatasi ya ukutani kufuta kunaruhusiwa, wakakubaliana waache pengo kati ya nukta na nukta. Mkaguzi aliomba daftari, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, nusu saa nzima. Akauliza watoto kama pengo lile linaharibu jibu lao. Hapo ndipo walipobishana hasa, hadi kengele ikalia na hakuna aliyeisikia.

Mkaguzi alipokuwa anaaga alimwambia kitindamimba wako maneno machache, na tunayaweka kama alivyotuletea. "Ulilofanya si dogo, na nitaliandika. Lakini mwezi huu nimefungua madaftari ya shule tisa, yote hayana kosa hata moja. Sijui wale watoto walipima nini."

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili, na wiki mbili hizo nyumba hii ilikuwa kama sufuria lenye mfuniko unaorukaruka. Mkeo alilihamisha kabati mara mbili kati ya zile nne. Ripoti ilisema mambo mawili. Kwamba mwalimu apewe barua ya onyo kwa kutunga vipimo. Akapewa, na anastahili, na amesaini. Na kwamba chumba kisiguswe wala kubadilishwa matumizi hadi wanafunzi watakapomaliza uchunguzi wao.

Mwalimu Mkuu aliisoma akaona ni sawa. Alihesabu kwamba maharage yatachukua wiki tatu zaidi, kisha madawati yaingie. Alikosea jambo moja tu, hakumjua mkeo.

Siku ya jibu watoto walimwalika. Alivaa kitenge chake kipya, akakaa mbele, na Rula akamsomea: wastani wa mikebe yenye machicha ni sentimita thelathini na moja, isiyo nayo thelathini na tatu. Machicha hayakusaidia kitu. Tulidhani ataona vibaya. Mkeo aliisikiliza hukumu hadi mwisho, akaweka mikono mapajani, akasema amesikia, ila yeye hakuwahi kusema maharage. Alisema maua. Nani amejaribu maua?

Mtoto mmoja akaliandika swali hilo ubaoni.

Maua yalichukua muhula mzima, nayo yalikwenda sare. Mkeo akasema kijiko kimoja ni kidogo, nyumbani yeye humwaga konzi nzima. Wakajaribu konzi. Mikebe ikaota ukungu, na mtoto wa meza ya dirishani akataka kujua ukungu umetoka kwenye chai au kwenye hewa, na hilo likawa swali jipya lenye mikebe kumi na minane. Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni mara tatu kuuliza kama uchunguzi umekwisha. Mara zote tatu aliambiwa kwa adabu kwamba bado, Mwalimu, kuna jambo halijaeleweka. Mara ya nne alileta mkebe wake mwenyewe kutoka nyumbani, wenye ukungu wa rangi ambayo hawakuwa nayo. Tangu hapo hajauliza tena.

Sisi tunashuku mkeo anafanya makusudi. Kila Jumatatu anafunga machicha yake kwenye mfuko, anakwenda hadi korido ya mwisho, anakaa na watoto, anawatafutia kasoro. Tumemuuliza waziwazi. Anajifanya hamnazo, anasema yeye ni mama wa nyumbani tu, sayansi ataijulia wapi. Lakini njiani anatembea kwa haraka sana, na akirudi anakaa. Anakaa kitini kabisa, na kikombe cha chai, hadi kinaisha. Ni siku hiyo moja tu katika wiki ambayo tunamwona ametulia, nasi tunapunguza sauti ya redio tusimshtue.

Kitindamimba wako hajapata wa kumpokea masomo yako, na wa kumpokea hatafutwi tena. Ameomba yabaki kwake, insha asubuhi na mikebe mchana. Barua ya onyo ameibandika ndani ya jalada la daftari jekundu. Bado hatulii. Bado anazunguka uani, ila siku hizi ukimuuliza anawaza nini anakujibu ni ukungu, na mara nyingine ni wewe. Alitwambia juzi, macho makavu kabisa, kwamba angetoa chochote akae nyuma ya darasa lako hata kipindi kimoja, na kwamba hatakaa, na kwamba hilo hakuna namna ya kulijaza. Tulimwacha alie baadaye, alipotaka mwenyewe.

Leo tulikuwa tumepanga kuja kwako saa nne, sote, na maua. Dada yako mkubwa amefika tangu jana, kifungua mimba ameacha kazi za watu, wajukuu wamevaa. Sasa mkeo amesimama mlangoni na mfuko wake wa machicha, na kitindamimba wako amekwisha tangulia na ufunguo. Leo ni Jumatatu, Mwalimu. Dada yako aliwaambia siku kama hii mnaweza kuacha mara moja, hata Mungu ataelewa. Mkeo akamjibu kwamba Mungu ataelewa, watoto je? Tulibishana kidogo, kisha tukavaa viatu. Tunakwenda shuleni sote kwanza. Ukiwatoa hao wawili, hakuna kati yetu aliyewahi kufika wakati wa somo, na leo tutafika, tukae pale nyuma, tuwaone watoto wako wanapima.

Kwa hiyo tutachelewa kaburini. Utusubiri.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye rufaa yake bado inasikilizwa; kifungua mimba wako fundi umeme, na mke wake; kitindamimba wako, mwalimu wa darasa la sita; wajukuu wako watatu, ambao wanatia kila kitu kwenye maji ya bafu waone kinachoelea; dada yako mkubwa mshonaji; fundi viatu; Mwalimu Mkuu, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na ya familia; Rula na wenzake, walio darasa la saba sasa na bado wanakuja Jumatatu kusimamia.

Tutakukumbuka siku zote, hata siku tutakazochelewa.